Bibi Harusi Aliyetokea Mlango wa Nyuma

London, 14 Juni 1871

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao, nikitumaini kwamba kifua chako kimepoa na kwamba Baba angali akihubiri kwa sauti ya kuwaamsha hata waliolala makaburini. Mimi ni mzima wa mwili. Akili ndiyo iliyopigwa na radi.

Gazeti letu lilinikabidhi niihakiki riwaya mpya ya Bi Octavia Penhallow, ambaye huandika mapenzi ya makabaila kwa juzuu tatu tatu, na ambaye jina lake halijavuka sebule chache za mabibi. Humo, binti mmoja anamwacha mwana wa kabaila akingoja madhabahuni, anatokea mlango wa nyuma wa kanisa na kutoroka na kasisi kijana aliyepaswa kuwafungisha ndoa. Niliandika kwamba mwanamke wa namna hiyo hajapata kuzaliwa Uingereza, na kwamba kasisi huyo ni mwizi aliyevaa kanzu.

Makala ilipokwisha kupangwa chapani, bibi huyo alinialika chai nyumbani kwake Bayswater. Sikungoja hata kikombe kijae. Nilimsomesha mantiki, nikamtajia Wayunani. Alinisikiliza huku akimlambisha paka wake siagi, kisha akaniuliza mama yangu ni nani. Nilipokutaja, alicheka hadi miwani ikamdondoka. "Ala! Mwana wa Harriet! Kidevu ni cha mama yako, kijana, lakini huo mdomo sijui umeuokota wapi. Mimi ndiye niliyemshikia shela, na mimi ndiye niliyemfungulia mlango."

Mama! Nilichukua kofia yangu bila kuaga.

Nilikimbilia kwa mhariri kumsihi aiondoe makala. Alinicheka, akasema, "Msomi mzima unatishwa na kikongwe na paka wake?" Akaapa kwamba nikiiondoa, nisikanyage tena ofisini pake. Nimeiondoa. Basi nakiri: sina kazi, na nusura niwatukane wazazi wangu mbele ya Uingereza nzima. Hata hivyo, bado nashikilia kwamba juzuu ya pili ni ndefu mno.

Nitafika Ijumaa. Bi Penhallow anadai kwamba kasisi alimbeba binti mgongoni kuvuka makaburi, mvua ikinyesha, wote wawili wakicheka. Baba? Baba huyu, ambaye sijapata kumwona akikimbilia hata chakula? Mama, niambie kwamba ni kweli.

Msalimie sana Baba, kwa heshima ambayo sikuwa nayo juma lililopita.

Mwanao akupendaye,
Cuthbert Ansley