Ubao wa Simu Usiolia

Jumatatu, 6 Machi 1995

Nimefika kiwandani saa mbili kasoro robo. Nimetundika koti, nimepangusa vipokea sauti, nimeketi. Simu ya kwanza ilikuwa ya dereva aliyeharibikiwa na lori la sabuni hapo Ruiru. Nilimjua kwa kikohozi kabla hajataja jina.

Laini ikiita, kifuniko chake kidogo huanguka kwenye ubao, tak. Nanyoosha kidole, nakipata, nachomeka waya. Miaka kumi na moja sijampeleka mtu kwenye ofisi isiyo yake. Wenye macho wanaonishikia nikiwa likizo wamefanya hivyo, tena sana.

Ndegwa, mkuu wa wafanyakazi, amepita akisema ubao mpya unakuja. Wa kisasa. Nikamwuliza vifuniko vyake vinaanguka namna gani. Akacheka. Hauna vifuniko, akasema, una taa.

Akaenda zake. Hata hakusimama.

Jumanne, 7 Machi

Nimemweleza mke wangu tukinywa chai. Anasema kampuni haiwezi kunisahau. Nikamwambia ili usahau mtu, lazima kwanza uwe umewahi kumfikiria. Akinituliza ananikasirisha, na najua hana kosa.

Breli, maandishi haya ya nukta, haisomi, kwa hivyo hapa naandika wazi. Naogopa. Nilipotoka shuleni nilibisha hodi miaka miwili Thika nzima, na kila mlango nikaambiwa nikasuke vikapu. Sijui kusuka vikapu. Najua simu.

Ijumaa, 10 Machi

Ubao mpya umewekwa leo asubuhi. Nimeupitishia vidole. Vitufe vipo, vyote sawasawa, na laini zote zinalia mlio mmoja. Ni ipi inayoita? Taa ndiyo inajua.

Nikamwuliza fundi, Mutiso, kama kila laini inaweza kupewa mlio wake. Akavuta kiti.

"Hiyo ni kitu ya saa moja tu, mzee," akasema. "Ni vile hakuna mtu aliniambia."

Saa moja. Laini za nje akazipa mlio mzito, kila moja na urefu wake. Za ndani mlio mwembamba. Ya meneja inalia mara mbili mbili. Kufika chakula cha mchana nilikuwa na kasi kuliko kwenye ubao wa zamani. Nilimshika Mutiso mkono nikasahau kuuachilia.

Nimerudi nyumbani Gatongora na furaha ya kijinga. Nimepitia buchari kununua nyama.

Jumatano, 15 Machi

Haikufika wiki.

Ndegwa alikuja asubuhi. Milio inasumbua wageni.

"Mwaura, mgeni akiingia reception tunataka asikie kimya," akasema. "Kama hoteli."

Nikamwambia mashine za sabuni zinanguruma kutwa hapo nyuma na hakuna mgeni amelalamika. Nikamwambia sauti inaweza kupunguzwa. Nikamwambia nihamishwe na ubao hadi chumba cha faili, mlango ufungwe. Akasema nyaya zimeshapigiliwa ukutani, na kwamba atafikiria.

Baada ya chakula cha mchana nilikaa nikidhani siku imepoa. Hata nikafurahia kupumzika. Ni Njoki, msichana wa mapokezi, aliyekuja kuniambia taa nne zinawaka mbele yangu.

Walizima milio nikiwa kantini. Hawakuniambia. Nimeona aibu mpaka masikio yakawa moto. Nawachukia.

Ijumaa, 17 Machi

Uzinduzi wa ubao. Viti, soda, mgeni wa heshima kutoka serikalini. Ndegwa alitaka niketi kwenye ubao nimevaa tai, nipokee simu mbele ya watu. Njoki akawekwa nyuma yangu. Akinigusa mgongoni mara moja, ni kitufe cha kwanza. Mara mbili, cha pili.

Nikapokea simu tatu. Watu wakapiga makofi. Mgeni akasema kampuni zingine zije hapa zijifunze kuwajali walemavu.

Nilitabasamu. Hakuna aliyenilazimisha. Hilo tabasamu linaniuma kuliko yote.

Nimepewa cheti cha utumishi mwema ndani ya fremu. Nimekipitishia kidole. Kioo kitupu.

Jumatatu, 20 Machi

Njoki amekalishwa kwenye ubao, na mapokezi bado ni yake. Mimi niko stoo, nakunja maboksi ya sabuni.

"Kazi yako iko, Mwaura," Ndegwa aliniambia. "Usiwe na wasiwasi."

Mshahara ni uleule. Kila mtu ananiambia nishukuru. Kunja, bonyeza, weka. Stoo hakuna anayeniita kwa jina, na sauti yangu ilikuwa ndiyo ya kwanza mtu kuisikia akipiga simu kampuni hii.

Njoki alikuja saa kumi akilia, akisema hakuomba. Nikamfukuza arudi kwenye taa zake. Nimejuta. Kidogo.

Jumamosi, 25 Machi

Zamu yangu ya kupumzika. Nilishika fimbo nikatembea hadi kibanda cha simu hapo Ruiru, saa nne, wakati wa chai kiwandani. Nambari ya kampuni vidole vinaijua vyenyewe.

Ikaita. Zamani mlio wa pili haukuisha kabla sijapokea.

Ikaita mara kumi. Ishirini. Njoki ameenda kuchukua chai, na ni haki yake. Taa inawaka mbele ya kiti kitupu, na mapokezi kumetulia kama Ndegwa alivyotaka. Mlio nilikuwa nausikia mimi peke yangu, upande huu wa waya.

Nikarudisha mkono wa simu. Shilingi zangu zikaanguka kwenye kisahani cha kurudishia pesa, nikaziokota.

Mama aliyekuwa akingoja nyuma yangu aliniuliza kama hiyo simu ni nzima. Nikamwambia ni nzima, nikampisha.