Sare za Kwaya Isiyokuwepo

Jumapili, 5 Novemba

Ibada imekwisha. Waumini: binti yangu, mimi, na Fundi Viatu wa duka la jirani. Huyo naye alikuja kwa sababu dukani kwake baridi imezidi. Akakuta kwetu imezidi zaidi. Mashine ya kupasha moto ukumbi imekufa tena.

Mkwe wangu alihubiri kama ana watu elfu. Simlaumu. Kule nyumbani akisimama mimbarini watu hujaa mpaka madirishani. Hapa ugenini, misheni ilipomtuma, ananihubiria mimi, mama mkwe wake, ambaye kwa adabu zetu hata usoni simtazami. Nikiwa na neno lake naiambia sufuria jikoni, yeye anasikia akiwa sebuleni. Leo nimeiambia sufuria kwamba mahubiri marefu kwenye baridi ni dhambi. Nikasikia anacheka peke yake.

Katibu wa misheni anakuja mwisho wa mwezi. Binti anasema anakuja kuamua kituo kibaki au kifungwe turudi. Kufungwa! Mimi sikujifunza kusoma na mvi kichwani, nikavuka bahari na goti bovu, ili nirudi nikachekwe na mashosti zangu.

Jumatano, 8 Novemba

Fundi amekuja tena, na leo ameleta mjane mwenye duka la mikate. Mimi namwita Mama Mkate. Mnene, mpole, uso umefungwa kama duka siku ya msiba. Walikaa wanatetemeka kama vifaranga walionyeshewa. Nikashindwa. Nikafungua lile sanduku.

Akina mama wa kanisani kwetu walinipa sare za kwaya nije nazo. Kitambaa kizito, kijani kilichoiva, kola nyeupe. Walizishona wenyewe, wakasema ni za kwaya itakayozaliwa huko. Haijazaliwa. Sare zinazeekea sandukuni na nondo wanazipigia hesabu. Nikamvika Fundi. Nikamvika Mama Mkate. Mkwe akakohoa. Kikohozi sikukisikia.

Fundi akauliza vazi hili ni la nani. Binti akamwambia ni la waimbaji. Akajitazama mikono, mmoja, wa pili. Kisha akauliza – haya, tunaimba nini?

Jumapili, 12 Novemba

Wameimba! Nimewafundisha ubeti wa kwanza wa ule wimbo wetu wa kuamshana asubuhi, kwa Kiswahili, maana kingine sina. Fundi ana besi kama pipa linaloviringishwa ghalani. Mama Mkate aliimba analia, akarudia, halii tena. Amekuja na dereva wa gari la taka na mkewe. Dereva ni mrefu, sare imemwishia magotini, utadhani mtoto aliyerudia darasa mpaka akaota ndevu. Tulicheka mpaka tukapata joto.

Mkwe haimbi. Sauti yake ni mlango wa stoo, anajijua. Lakini amehubiri kifupi! Sufuria imemshukuru.

Jumanne, 21 Novemba

Vita.

Katibu alipiga simu kuuliza maendeleo. Mkwe kwa furaha akamwambia tuna kwaya, inakua kila Jumapili. Katibu akauliza wamebatizwa lini. Jikoni nikamsikia mkwe akisema: bado.

Kanuni naijua, nimezaliwa nikaikuta: sare ya kwaya havai asiyebatizwa. Nilimwona binti wa watu akivuliwa yake mbele ya umati kwa sababu ya mimba. Kanisani hakurudi tena, yeye wala yule mtoto.

Sasa binti yangu ametumwa aniambie sare zikusanywe kabla katibu hajafika, na azikusanye aliyezigawa. Nikaiambia sufuria kwamba mimi sikugawa sare, nilifunika watu. Mkwe naye, kama anaongea na mkewe, akasema kwa kufunika watu kuna mablanketi kabatini. Na yapo kweli. Hapo alinishika.

Alhamisi, 23 Novemba

Nimekwenda kwa Fundi na mfuko. Duka lake ni chumba kimoja, harufu ya gundi na ngozi, viatu vimepangwa rafuni vinangoja wenyewe. Sare ameipiga pasi, ameitundika nyuma ya mlango kwenye msumari mpya. Koti lake la siku zote liko sakafuni!

Nikamweleza. Lugha yao nimeokota ya sokoni, lakini ya kumvunja mtu moyo inatosha. Hakukasirika. Aliendelea kushona soli mpaka akafika mwisho wa uzi.

"Bibi," akasema – ndilo neno la kwanza alilojifunza kwetu, ingawa kwa mvi amenipita – "tangu mke wangu afe, watu wanaleta viatu, wanachukua viatu. Sauti yangu nimeisikia tena kwenu. Nguo chukua. Sauti siirudishi."



Akauliza mtu akibatizwa inakuwaje. Nikamwambia anaingia majini mmoja, anatoka mwingine, na yule wa kwanza hatafutwi. Akafikiri. Akauliza maji ni ya moto au ya baridi. Nikamwambia mashine yetu anaijua. Akasema basi, mradi yasiwe yameganda.

Nimerudi na mfuko mtupu.

Ijumaa, 24 Novemba

Leo nimevunja mwiko. Mkwe alikuwa mezani na Biblia yake. Nikaingia, nikavuta kiti, nikaketi mbele yake uso kwa uso. Binti akashika mlango kama nyumba inaanguka.

Nikamwambia: "Baba, unataka sare au unataka watu? Sare sandukuni zimebaki nyingine. Na Fundi anataka kubatizwa."

Hakuinua macho, adabu anayo. Alinijibu polepole. Hawezi kumzamisha mzee wa watu haraka haraka ili katibu afurahi. Huko ni kumgeuza mtu risiti. Neno zito! Na ni kweli tupu, mimi sikuwa nimeliwaza hilo. Nilikuwa nimeshachagua na taulo.

Nikamwambia basi asimbatize kwa ajili ya katibu. Aende akamsikilize. Dukani kwake hajawahi kukanyaga, anamngoja mimbarini tu. Kisha akavaa koti, akachukua kiatu chake kilichofunguka mdomo, akatoka.

Amerudi chakula kimepoa. Kiatu kimeshonwa. Macho mekundu. Akaniambia mimi – si sufuria, si ukuta – "Mama, nilikwenda kumpima, tukaishia kuomba wote wawili."

Nilimpashia chakula moto. Nyama zote nimempa yeye.

Jumamosi, 25 Novemba

Katibu amefika. Mtu wa kwetu, mfupi, mkoba mkubwa, heshima nyingi. Ameigusa mashine ya kupasha moto kama anampima mtoto homa. Mezani akasema wazi: akimwona asiyebatizwa amevaa sare kesho, kituo kinafungwa. Na Fundi asome mafundisho mwaka mzima kama wengine. Mkwe akamwongeza chai, akasema kesho tutaonana ibadani.

Jioni dereva ameleta tangi la kubatizia, mkwe ndiye aliyemwagiza. Nimemuuliza mara mbili kama ni jipya.

Jumapili, 26 Novemba

Naandika nikiwa chumba cha nyuma, juu ya sanduku la sare. Nisipoandika nitapasuka.

Ukumbi umejaa! Mama Mkate wiki nzima hakumwachia mtu mkate kabla hajamweleza habari za kwaya. Wengine wamesimama ukutani. Na waimbaji wangu wamefanya jambo ambalo sikuwafundisha: sare wamezikunja, wamezishika kifuani. Hakuna aliyevaa. Hakuna aliyerudisha. Katibu amewatazama mmoja mmoja, akakosa pa kuanzia.

Binti anamimina maji ya moto tangini. Rafiki yangu sufuria amebeba kuliko ndoo zote. Fundi ameketi hapa karibu nami, shati jeupe, miguu mitupu, sare mapajani. Nimemwambia maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Akasema ndiyo maana amekuja na taulo.

Nyuma ya mlango katibu anamnong'oneza mkwe: utaratibu, mchungaji, utaratibu. Nasikia hatua za mkwe zikielekea mimbarini.



Mlango wa stoo unalia – Mungu wangu, ni mkwe anaimba! Ule wa kuamshana. Vibaya kabisa! Ukumbi mzima umemdaka, umembeba, mabati yanatetemeka. Binti anapunga mkono. Maji tayari.

Fundi amesimama. Amenipa sare nimshikie. Ananiuliza nani huyo anayeimba ubeti wa pili, mbona sisi hatukufundishwa? Sauti ya mwanamume, nyororo, Kiswahili cha kwetu kabisa, na si ya mkwe wangu. Wanaume wa kwetu humu ndani ni wawili tu. Naweka kalamu nichungulie –