King'ora Ambacho Sikukizungusha

Makanya, Same

Dada yangu Paskazia,

Shikamoo. Barua yako niliipata tangu kabla ya vuli, na najua kimya changu kimekutia mashaka. Mwili wangu ni mzima. Mama anaendeleaje na kifua chake? Maharage yalikubali mwaka huu, au mvua za Kasulu nazo zimewachezea? Nawaombea nyote hapo nyumbani muwe na nguvu za kulima na hamu ya kula.

Nimechelewa kuandika kwa sababu kila nikishika kalamu nilianza habari nyingine, nikachana. Sasa naandika lile lenyewe. Mama naye umsomee yote, usiruke mahali.

Shamba la mkonge bado limesimama. Tunaambiwa litauzwa kwa mtu binafsi, maana siku hizi ni mambo ya soko huria, lakini huyo mnunuzi hatujamtia machoni. Sisi tuliopunguzwa kazi tumebaki kambini tukibangaiza. Wengine wanachoma mkaa, wengine wanachimba mchanga korongoni kwa ajili ya wajenzi wa Same. Hiyo ya mchanga ndiyo aliyoishika Mzee Petro, yule wa Songea niliyekusimulia, aliyenipokea nilipofika huku na kunifundisha ufundi wa mashine.

Korongo lenyewe ni kavu karibu mwaka mzima, ila linatoka milimani. Mvua inaweza kumwagika kule Mhezi mchana kutwa na huku bondeni jua linakuchoma utosi, usione hata wingu. Halafu ghafla maji yanashuka, mekundu, yamebeba magogo.

Yuko mjane mmoja wa Kipare, Mama Nakijwa, mzaliwa wa Mhezi, anayekaa kwenye kona ya korongo pale mlima unapoishia. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama akataka tuweke king'ora. Kiwandani kilikuwepo kile cha zamani cha kuzungusha kwa mkono, hakihitaji umeme.

"Maji yakipita kwangu mimi nayaona," alisema. "Nikikimbia kuja kuwaambia, yatanipita njiani. Lakini nikipandisha kitambaa chekundu kwenye mlingoti, mtu wa huku atakiona, azungushe king'ora."

Mzee mmoja akamwambia mvua ni ya Mungu, chuma hakiwezi kuizuia.

"Sijasema kiizuie, baba. Nataka aliye korongoni apate muda wa kutoka."

"Na kikilia bure? Watu waache shughuli zao mara ngapi?"

"Mara zote," akasema, akakaa.

Walikubali, na kazi ya kuzungusha wakanipa mimi. Dada, nilifurahi kupita kiasi. Tangu kiwanda kifungwe hakuna aliyeniita fundi. Tulikifunga kwenye nguzo ya lango la kambi, nikakipaka grisi, nikawa nakisugua kama mtu aliyenunua baiskeli mpya.

Kitambaa kilipanda mara tatu, nikazungusha mara tatu, na mara zote maji yalinyonywa na mchanga kabla ya kutufikia, au yalifika ya kulowesha vifundo vya miguu tu. Mara ya kwanza watu walimshukuru Mungu. Mara ya pili walinung'unika. Mara ya tatu mama mmoja aliacha maandazi yake kwenye mafuta akakimbia na watoto, aliporudi yalikuwa makaa. Akaja nayo mpaka langoni, akayaweka miguuni pangu. "Kula wewe uliyeyaunguza." Kambi nzima ilicheka. Kuanzia hapo nikawa Fundi Makelele, hata watoto waliniita hivyo.

Mzee Petro hakucheka. Aliniambia, "Wewe zungusha tu. Mimi kule shimoni sioni kitu, nakusikiliza wewe."

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri. Nilikuwa langoni nacheza drafti na Shabani, tuliyefanya naye kazi zamani. Nikainua macho, nikaona kitambaa. Nikasimama, nikashika mpini.

"Leo tena, Fundi Makelele?" Shabani akasema.

Nikatazama juu. Mbingu nyeupe, jua kali. Nikajiambia labda mama wa watu ameanika nguo. Nikajiambia ngoja nihakikishe kwanza. Nikakaa, nikamla Shabani kete mbili.

Dada, nilicheza. Ningeweza kukuandikia kwamba niliduwaa, lakini nilicheza, na nilicheza vizuri.

Nilipotazama tena, kitambaa hakikuwa kwenye mlingoti. Mama Nakijwa alikishika mikononi akikipunga huku anarukaruka. Kabla sijafika kwenye mpini nikasikia mngurumo. Badala ya kuzungusha nikakimbilia korongoni nikipiga kelele za mdomo. Wachimbaji watatu walipanda ukingo kwa magoti. Mzee Petro alikuwa ndani ya shimo lake, nyuma ya gema, na masikio yake yalikuwa mazito. Sauti yangu haikumfikia. Niliona koleo lake likielea, yeye sikumwona. Tulimpata siku ya pili, chini karibu na reli.

Tulimzika. Kisha mwenyekiti akaitisha mkutano, akaniuliza mbele ya wote, "Fundi, mbona king'ora hakikulia?"

Nikajibu, "Meno ya gia yamelika. Nilizungusha, kikakwama."

Ulimi haukuteleza hata kidogo. Shabani akatazama chini. Watu wakanihurumia, wengine wakanishika bega. Ikaamuliwa king'ora kishushwe, kwani ni chuma kibovu, wapewe wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita. Yule mzee aliyesema mvua ni ya Mungu akasema aliwaonya. Mama Nakijwa aliomba kitafutwe kingine, wakamwambia imetosha. Wakati wa kutawanyika akanifuata, akanishika mkono. "Pole, mwanangu. Wewe ulifanya lako."

Kwa kuwa fundi ni mimi, spana ya kukishusha nikapewa mimi. Nilifungua nati ya kwanza na ya pili. Ya tatu ikanishinda, siyo kwa kutu. Nikaiacha spana pale pale, nikapanda kwa Mama Nakijwa.

Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikamweleza nikiwa nimesimama, hata kiti sikukitaka. Hakuacha kupukuchua.

"Kitambaa ulikiona?"

"Nilikiona."

"Nilipokipandisha tu?"

"Ulipokipandisha tu, mama."

Hapo mikono yake ikasimama. "Mimi siku zote hizi nadhani nilichelewa," akasema. "Najiuliza nilikuwa nafanya nini jikoni. Kumbe ulijua." Akaniambia neno moja la Kipare ambalo sikulielewa, wala sikuthubutu kuuliza. Kisha akasema, "Kawaambie wao. Mimi usiniombe kitu."

Dada, nilidhani kosa langu ni kwa Mzee Petro peke yake. Kumbe nilikuwa nimemtwisha na mjane wa watu, akabeba bila kujua ni la nani.

Niliomba mkutano, nikasema. Kulikuwa na waliotaka nifukuzwe kambini siku hiyo hiyo. Shabani akasimama akasema basi waanze na yeye, maana alicheka na alinyamaza. Yule mama wa maandazi alilia. Mwishowe wakakubaliana king'ora kibaki, na mpini wake ukae kwa kina mama wawili wanaoishi jirani na lango. Mimi nikatakiwa kuwafundisha kuzungusha, na nimewafundisha. Nati zile mbili nimezikaza. Kazi ya king'ora kwangu imeishia hapo. Jina la Fundi Makelele limekwisha, na la fundi nalo limekwisha. Watu wananisalimu kwa adabu, mkono hawanipi. Mama Nakijwa nikimwamkia anaitikia "Marahaba," anapita.

Usinijibu kwamba ilikuwa ajali. Na msiniite nirudi nyumbani sasa, maana kuondoka kungekuwa kukimbia mara ya pili.

Nisalimie shemeji, mumeo, na umwambie nashukuru kwa kumtazama mama. Msalimie mjomba seremala, na shangazi wa ng'ambo ya mto ambaye kila mara hudai nimemsahau, sijamsahau. Watoto wako wabusu wote, ila habari hii wasomewe wakishakua.

Mama mwambie nimesema mwenyewe, sikukamatwa. Ni kidogo, lakini ndicho nilicho nacho cha kumtumia.

Nakomea hapa, kwa sababu ipo barua nyingine ya kuandika kabla treni ya mchana haijapita. Ni ya binti yake Mzee Petro kule Songea. Kijiji kilimwandikia kwamba king'ora kiliharibika, na yeye akajibu akimshukuru fundi kwa kujitahidi.

Mdogo wako,
Bonifasi