Anayeitika Benchi la Mbele

12 Februari

Baba, shikamoo. Goti linaendeleaje?

Kuna sauti imeniganda sikioni: "Nipo!" Nyembamba, ya mtoto anayetaka kusifiwa. Jumapili nilikuwa maabara, peke yangu na darubini, nikaisikia ikitoka kinywani mwangu. Hakuna aliyeniita. Tangu hapo koo limekauka, naongea kwa kunong'ona. Wenzangu kazini wananitania eti nimeanza umbeya. Mbona nakuwaza wewe tu?

Mwanao

20 Februari

Marahaba, binti yangu. Goti linalalamika kama wazee wa kanisa, lakini linatembea.

Usiogope, ni mimi niliyekuita. Mchungaji gani mimi, wa kuhubiria mabenchi matupu? Wazee walishauri tulete gitaa na kufupisha mahubiri. Mimi nikakumbuka nilivyokuwa nikiwaita majina darasa la Jumapili, mkiwa wadogo. Basi kila ibada nawaita wote mlioondoka kanisani. Mwanzoni palikuwa kimya. Siku hizi mnaitika. Yule mwenzako wa darasa hilo aliye fundi cherehani anaitika, na yule aliye muuguzi anaitika. Wewe ndiye wa kwanza, benchi la mbele, kwa sauti yako ileile ya utotoni. Marehemu mama yako angelia kwa furaha.

Baba yako

5 Machi

Shikamoo Baba. Natumaini unalala vizuri, maana mimi silali.

Nimemtumia ujumbe yule muuguzi. Naye hana sauti. Fundi cherehani anawaandikia wateja wake kwenye vipande vya karatasi. Acha kuniita, nakuomba. Tulipoondoka, ulimfuata nani nyumbani kumuuliza kwa nini? Unatutaka sisi, au sauti zetu?

Mwanao

9 Machi

Marahaba. Sauti hazinibishii, mwanangu. Niachie hizo tu. Kanisa limejaa tena.

Baba

2 Aprili

Shikamoo Baba. Mimi sijambo sasa, na nitakueleza kwa nini.

Jumapili nilikuja. Nilikaa benchi la nyuma. Uliponiita nilisimama, nikafungua kinywa, ikatoka pumzi tupu. "Nipo!" ikasikika mbele, mahali pasipo na mtu. Ukatabasamu ukilitazama lile benchi. Mimi hukuniona, Baba, ingawa mlango ulikuwa wazi na jua lilinimulika mzima mzima.

Jana nilikwenda ofisi kuu ya kanisa, nikamwandikia karani kwamba naomba jina langu lifutwe kwenye daftari la waumini. Alipolikata, koo likafunguka. Nikamshukuru kwa sauti yangu ya sasa, nzito kidogo, kama ya Mama.

Sijakukataa wewe. Nyumbani kwangu unapajua, ingawa hujawahi kufika. Njoo ubishe hodi, uniulize kwa nini niliondoka. Nitapika chai, tubishane mpaka tuchoke.

Ila Jumapili ukiniita, na mtu akaitika, usimsogelee. Si mimi.

Mwanao