Uso wa Mwenyekiti Mawinguni

Keziya, pokea simu basi! Nimefukuzwa kazi mbele ya watu arobaini.

Ile tovuti ya chama cha wakulima wa kokoa waliyonipa kazi ya kuitengeneza, leo nimeionyesha mkutanoni kule Talatala kwa projekta. Picha ya mwenyekiti, Mzee Mwaisumo, nilikuwa nimeishusha opasiti, yaani uzito wa rangi, mpaka asilimia thelathini. Uso ukafifia ndani ya mawingu meupe, maandishi yakakaa juu yake vizuri. Nikajiona fundi kweli.

Halafu mke wake akaanza kulia. KULIA, Keziya! Kile kilio cha msibani kabisa.

Mzee akasimama. "Mimi nimekufa lini?"

Nikajibu kijinga, "Mzee, ni mtindo tu."

"Nakuuliza, binti. Nimekufa lini?"

Ndipo nikaelewa. Hapa Kyela uso uliofifia mawinguni unaukuta wapi, kama si kwenye ratiba ya mazishi? Na mimi miaka mitatu pale steshenari Mbugani natengeneza ratiba hizo hizo. Mkono umezoea, sikufikiri hata kidogo.

Kosa langu, sawa. Lakini mzee akanifukuza kazi, akaniita mchawi! Baba yangu amekaa pale pale na wanachama wenzake, akatazama chini.

Unajua kinachoniuma? Ratiba ya mazishi ya mama niliitengeneza mimi, mawingu hayo hayo. Mzee huyo huyo aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ndaga fijo, asante sana mwanangu. Umempa mama yako heshima."

Leo mimi mchawi. Na baba amerudi nyumbani kwenye gari la mzee huyo huyo.