Ukuta Ulioanguka Nyuma ya Nyumba Yetu Kapata

Kapata, Kolwezi

Mdogo wangu Shabani,

Amani iwe kwako, kwa shemeji yangu na kwa watoto, na kabla yenu nyote imfikie mama. Kifua chake kinaendeleaje? Ile dawa ya majani anayochemshiwa na shangazi bado anainywa, au ameshaichoka? Anakula? Mimi ni mzima, Mungu ashukuriwe, ila mwili hauna nguvu kama ulivyouacha. Asubuhi ninaamka nikiwa nimechoka tayari. Binti yangu Amina yuko salama, anamaliza sekondari mwaka huu. Mume wangu Ramazani yuko njiani na lori upande wa Kasumbalesa, hii ni wiki ya tatu, anapiga simu pale anapopata mtandao.

Najua ulishangazwa na kimya changu tangu mwezi wa pili. Ulidhani nimekasirika. Sikukasirika, nilikosa tu maneno. Leo nimekaa chini na karatasi, na Amina ataipiga picha akutumie kwenye simu. Tukiongea kwa sauti wewe na mimi tunakatizana, kama juzi, na habari hii nataka uisome yote.

Nyumba yetu ni moja ya zile za zamani za wafanyakazi wa kampuni ya mgodi, zilizopangwa mstari mmoja mrefu, na kila mbili zinagawana ukuta wa katikati. Upande wa pili wa ukuta wetu anakaa mzee tunayemwita Tata Kabeya na mke wake, Mama Ngalula. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi mgodini. Kabeya naye akazaliwa hapa, akafanya kazi hiyo hiyo mpaka alipostaafu. Ni mtu wa maneno machache. Kila kiangazi alikuwa anatoa ngazi, anasafisha mfereji wa bati, anaziba nyufa kwa sementi, anapaka chokaa, kisha anachimba upya njia ya maji kuzunguka nyumba. Mimi nilikuwa nikimcheka, siyo mbele yake. Nilimwambia Ramazani kwamba jirani yetu anaiogesha nyumba kama mtoto mchanga.

Nguvu zangu mimi nilizipeleka ndani. Mapazia niliyabadilisha, viti nikavishonea vitambaa, sakafu yangu ungeweza kulia chakula juu yake. Nje nilisema ni kwa ajili ya macho ya watu. Tena vumbi la malori hapa halimalizi siku bila kurudi, sasa mtu apake rangi kwa ajili ya nani?

Nyuma ya nyumba Ramazani alikuwa ameongeza jiko la matofali mabichi, akalipaka sementi kwa nje. Lilikuwa zuri lilipokuwa jipya. Lakini wakipiga baruti huko machimboni, ardhi inatetemeka mpaka vikombe vinagongana kabatini, na kidogo kidogo ile sementi ikaanza kupasuka na kudondoka. Halafu mfereji wa bati ukakatika pale juu ya jiko, maji yote ya paa yakawa yanaanguka mahali pamoja, kwenye mguu wa ukuta. Amina aliona. Aliniambia mara mbili kwamba matofali yanaonekana na yamelowa. Nilimjibu asubiri baba yake arudi. Baba yake alirudi, akalala siku mbili kama maiti, akaondoka tena, na mimi sikuwa na moyo wa kumwamshia ukuta. Nami nikitoka sokoni Manika na mzigo wangu wa vitenge, ninaingia kwa mlango wa mbele, ninavua viatu, basi. Nyuma nilikuwa nakwenda kuanika nguo tu, na macho yangu yanaangalia kamba.

Ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa sokoni, mimi na Amina. Mvua ilianza saa sita mchana, mvua ya kwelikweli, tukafunika vitenge na nailoni, tukajibanza chini ya bati la kibanda. Simu ikalia. Ni Mama Ngalula. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Akaniita nyumbani: "Mama Amina, kuya. Ukuta ya jikoni yako imeanguka. Imemukamata tata."

Shabani, tulipanda taksi-moto, pikipiki moja watu wawili, kwenye mvua ile, na njia nzima nilikuwa nikijiuliza tata anafanya nini kwenye jiko langu. Tulipofika, majirani walikuwa wameshamtoa. Walikuwa wamemlaza kwenye mlango wa nyumba yake juu ya mkeka, amejaa tope mpaka kwenye nyusi, na mguu wake wa kulia umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Hakuwa analia. Alikuwa anaangalia paa.

Nilielezwa baadaye. Alikuwa kwake, anaangalia mvua, akaona maji yamejaa kwenye mguu wa ukuta wangu kama bwawa. Akachukua jembe, akaruka ule mfereji mdogo unaotenga viwanja vyetu, akaanza kunichimbia njia ya maji. Alikuwa ameinama pale ukuta ulipolegea. Matofali mabichi yakilowa hayatoi sauti, wanasema yalishuka kama mtu anayekaa chini.

Hospitalini walikuta amevunjika mahali pawili. Siku nne waganga walikuwa wanasema labda mguu utakatwa, labda hautakatwa. Siku zile nne nilikaa kwenye benchi pamoja na Mama Ngalula. Niliogopa atanilaani, na nilikuwa tayari. Badala yake, kila mchana alifungua sufuria yake ya bukari, ule ugali wa hapa, akanigawia, akasema, "Kula, mama." Ningependa zaidi angenitukana.

Mguu haukukatwa, tunamshukuru Mungu. Ila goti halikunjiki tena. Anatembea na magongo mawili, na ngazi yake haitampandisha tena.

Siku alipoletwa nyumbani nilikwenda kumwomba msamaha. Nilipiga magoti kabisa. Nikamwambia ukuta ulikuwa wangu, mtoto wangu aliniambia mara mbili, na mimi niliuacha. Aliyalaza magongo yake sakafuni, moja baada ya jingine. Ndipo aliposema maneno ambayo sijayamaliza kuyafikiri mpaka leo:

"Mama, ule mupasuko mi nilionaka tangu mwezi wa kumi na moja. Kila siku nilikuwa naangalia. Nilikuwa na haya ya kukuambia, juu bwana yako haikuwa pale, na mutu hawezi kuenda kwa bibi ya mwenzake kumuhesabia makosa ya nyumba. Nilinyamaza. Ile siku nilikamata jembe juu ya ile haya, hapana juu ya roho muzuri."

Mama Ngalula aliniinua, akanipa kiti.

Tangu siku hiyo kazi ya nje ya nyumba zote mbili ni yangu na Amina. Nikitoka sokoni ninavaa kitenge kilichochakaa, ninachanganya sementi. Tata Kabeya anakaa kwenye kiti kivulini, mguu umenyooka mbele, ananionyesha kwa gongo. Amenifundisha kugonga ukuta kwa kidole na kusikiliza: pale panapolia kama debe tupu, sementi imeshaachana na tofali, ibomoe upake upya. Amenifundisha kutoka nje wakati mvua inanyesha, siyo ikiisha, ili nione maji yanakwenda wapi. Mikono yangu imepasuka, na wateja wangu sokoni wananiuliza kama nimeanza kazi ya ujenzi. Nimechoka, mdogo wangu. Siku nyingine ninapaka huku usingizi unanishika nikiwa nimesimama. Lakini ukuta wake wa mbele tuliumaliza wiki iliyopita, na yeye alizunguka nyumba nzima na magongo yake, polepole, akarudi akakaa. Hakusema ni vizuri. Alisema tu upande wa choo bado.

Sasa nije kwako. Wiki hii yule mfanyabiashara wa mafuta ya mawese kutoka kwetu Kasongo, Baba Sefu, alipita Kolwezi akaja kunisalimu. Aliniambia nyumba ya marehemu baba mnamokaa na mama, ubavu wa mashariki, sementi imedondoka yote, boriti ya ukingo wa paa imeoza, na kuna ufa unaoingia vidole mpaka kwenye kiganja. Juzi nilipokupigia ulisema Baba Sefu ni mtu wa kupeleka maneno, kwamba nyumba ile imemzika baba na itatuzika sisi, na kwamba mambo ya nje ni ya watu wasio na kazi. Kisha ukakata simu.

Sikulaumu. Maneno yale niliyasema mimi mwenyewe, karibu yote. Lakini wewe unaingia kwa mlango wa mbele, Shabani. Anayepita barabarani ndiye anayeuona ubavu wa nyumba yako. Baba Sefu angeweza kuona haya akanyamaza, akanywa chai yangu akaondoka. Hakunyamaza. Usimkasirikie. Ukimkuta, mpe mkono.

Na ubavu wa mashariki ndiko chumba cha mama, na kitanda chake kimegusa ukuta ule tangu tukiwa wadogo. Huko kwenu mvua bado hazijaisha. Kwa hiyo ninakuomba, kama dada yako mkubwa na siyo kama mtu wa kukuhesabia makosa: ukishafika kwenye mstari huu, weka simu chini, nenda ukahamishe kitanda cha mama kiende sebuleni. Leo, kabla ya kunijibu. Ukuta tutauongelea baadaye. Kiangazi nitakuja mwenyewe tuupake pamoja, nimeshamwambia Ramazani, hakukataa.

Nisalimie shangazi anayemtunza mama, na binamu yetu fundi cherehani, na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani kama bado macho yanamruhusu kusoma. Mkumbatie shemeji yangu. Amina anamsalimu bibi yake sana.

Mama akikuuliza kwa nini unamhamisha, usimweleze habari za ufa, kifua kisije kikambana. Mwambie dada yako wa Kolwezi ameingiwa na wasiwasi wa uzee. Hilo atalikubali bila kuuliza mara ya pili.

Ni mimi dada yako,
Mwajuma