Kidole cha Binti Yako

Dada, shikamoo.

Huku tu wazima. Paa la karakana halivuji tena, na binti yako sasa anashona kola kunishinda.

Jana alikuja mkaguzi. Siku hizi anayewabakiza mafundi baada ya saa za kazi anatozwa faini. Akauliza wangu wanatoka saa ngapi.

"Mapema tu," binti yako akadakia. "Mama mdogo hataki tuchoke."

Mkono mmoja ameuficha nyuma. Juzi usiku alisinzia kazini, sindano ya cherehani ikamtoboa kidole.

Mkaguzi akanipongeza, akaenda zake. Nilikosa pa kuweka uso, afadhali angenitoza. Giza lilipoingia binti yako akawasha taa, wote wakainamia vyerehani bila kuambiwa.

Nami, dada, sikuwaambia waende nyumbani.

Mdogo wako.